Wasomaji wamejaa kwenye blogu lakini pesa hakuna, shida iko wapi?

#1 Konda_Mstaafu
Habari zenu wasee. Niende moja kwa moja. Nina blogu ya matatu za Nairobi, yaani ukitoka tao kwenda mtaa fulani unapanda namba gani, steji iko wapi, nauli ni ngapi asubuhi, ngapi jioni, na mvua ikinyesha inaruka mpaka wapi. Kusoma watu wanasoma, hapo siwezi kulalamika, mwezi mzuri wanafika kama elfu arobaini na karibu wote wanatoka kwa kutafuta Google. Nimeweka matangazo kama kila mtu. Sasa hicho kinachoingia aki ni pesa ya bando na chapati. Halafu kuna jamaa tulisoma naye ananiambia blogu yake haifiki robo ya yangu na ameacha kazi. Ananidanganya ama kuna kitu sijui? Blogu inageukaje biashara ya kulipa rent?

#2 mkorofi254
Konda anauliza chenji iko wapi 😂 siku zimegeuka

#3 Seo_wa_Githurai
Jamaa yako si lazima awe anadanganya. Wewe idadi ya watu unayo, angalia wanakuja kutafuta nini. Mtu anaandika "matatu za Utawala ziko wapi" akiwa amesimama pale Archives na begi mgongoni, anataka jibu sasa hivi aondoke, mia yake iko mkononi na anaomba isiongezeke. Huyo anamnunulia nani nini? Nafasi za matangazo za AdSense, ile huduma ya matangazo ya Google, zinauzwa kwa mnada, kila ukurasa ukifunguka wenye matangazo wanashindana bei hapo hapo. Ukurasa wa "bima ipi ya gari ni nafuu" kampuni za bima zinaugombania. Wako wa steji ya Utawala unagombaniwa na nani?

#4 Njeri_Ruaka
@Seo ni kweli nusu. Umesahau nchi. Mtangazaji akimlenga msomaji aliye Marekani au Uingereza analipa bei nyingine kabisa kuliko akimlenga aliye Pipeline. Mimi naandika safari, wasomaji wangu ni Wajerumani na Wamarekani wanaopanga kuja Mara kati ya mwezi wa saba na wa kumi nyumbu wakivuka mto. Ni wachache sana ukilinganisha na wa Konda lakini kila mmoja anapanga kutumia maelfu ya dola. Kuna mitandao ya matangazo inalipa vizuri kuliko AdSense, kama Mediavine, ila kwa miaka walikuwa hawakuangalii kabla hujafika ziara elfu hamsini kwa mwezi, na walitaka nyingi zitoke nchi wanazotaka wenye matangazo.

#5 mkorofi254
Kwa hiyo Konda aanze kuwafundisha Wajerumani kupanda 46 ya Kawangware. Sawa.

#6 Njeri_Ruaka
Cheka tu. Watalii wananiuliza matatu kila wiki.

#7 babu_wa_data
Na msisahau Google yenyewe inakula nusu, kwa hiyo hata ukipata trafiki unamfanyia mtu kazi.

#8 Seo_wa_Githurai
Si nusu babu. Kwa AdSense mwenye blogu anabaki na takriban 68% ya kile mtangazaji amelipa, na ndivyo ilivyokuwa hata walipobadilisha hesabu mwanzoni mwa 2024 wakaanza kulipa kwa tangazo kuonekana badala ya kubofywa. Kinachoua watu ni vile hiyo 68% ni ya kitu kidogo. Na kuna ngazi, ukifika dola 10 wanakutumia PIN kwa barua ya Posta kuhakikisha anwani, ukifika dola 100 ndio unalipwa, kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata.

#9 babu_wa_data
Hiyo PIN mimi nilitumia sanduku la posta la kanisa maana langu sina, bahasha ikasomwa kwenye matangazo ya Jumapili na jina langu, "kuna barua ya Google." Mpaka leo mzee wa kanisa anajua nafanya kazi huko.

#10 mkorofi254
Toa fungu la kumi basi babu

#11 Mama_Jiko
Hamjambo. Nimesoma juu mpaka chini, naona mnabishania bei ya matangazo kama vile ndiyo pesa peke yake iliyoko.

Mimi naandika kuhusu sufuria na meko. Ndiyo, sufuria. Watu wananunua Kamukunji, wakifika nyumbani ikikaa kwa gesi mara mbili tatu tako linabinuka, ugali unaungua upande mmoja. Basi nikinunua mpya nailaza juu ya kioo naibonyeza ukingoni nione kama inacheza, napima unene wa bati kwa kaliba, nachemsha maji naangalia saa, halafu nairudia baada ya mwezi napiga picha tako likiwa na masizi yake hivyo hivyo, sisafishi. Naeleza pia mambo ya geji, kwa sababu wauzaji wengine wanamgeuzia mtu, anaambiwa geji 20 ndiyo nzito kwa kuwa namba ni kubwa, na ukweli ni kinyume, namba ikiwa ndogo bati ndiyo nene, geji 16 inaishinda 20.

Sasa mwanamke wa Kitale akisoma hiyo posti mpaka mwisho, huyo hatafuti stori. Anataka sufuria. Chini kuna namba ya WhatsApp. Ananiandikia, naenda kwa fundi ninayemjua, nachagua mwenyewe, naweka faida yangu juu, natuma kwa parseli ya basi pale River Road. Akirudi ni kwa sababu anaozesha na anataka seti nzima ya sherehe. Matangazo ya kubofya niliyatoa, yalikuwa yanamwondoa mteja kwenye ukurasa wangu kwa senti. Wasomaji wangu Konda akiwaona atacheka.

#12 Konda_Mstaafu
Sicheki mama. Heshima. Hiyo ya kioo nimeipenda.

#13 Seo_wa_Githurai
Heshima kwa Mama_Jiko lakini tuite vitu kwa majina yake, hilo ni duka. Ukilala mgonjwa wiki mbili pesa inasimama. Blogu kama biashara ni ile inayoingiza ukiwa umelala. Angalia Wirecutter huko Marekani, Brian Lam aliianza 2011, wanajaribu vitu, wanasema kimoja ndicho bora, ukinunua kupitia linki yao duka linawapa kamisheni. Hawana stoo, hawana parseli. 2016 New York Times ikainunua kwa zaidi ya dola milioni 30.

#14 Mama_Jiko
Mwanangu hao unaosema wamelala walikuwa na wafanyakazi wangapi wa kujaribu hivyo vitu? Na kamisheni yao inatoka duka kubwa la mtandaoni linalofika kila nyumba, wewe nionyeshe linki ya fundi wa Kamukunji. Mimi nikiugua nasimama wiki mbili, ninyi Google ikibadilisha mawazo mnainuka lini tena?

#15 kimya_kingi
Hapo mama ametia kidole kwenye kidonda. Septemba 2023 Google ilitoa apdeti ya kile wanaita maudhui yenye manufaa, kisha Machi 2024 nyingine kubwa, na blogu ndogo nyingi duniani zikapoteza wasomaji, zingine karibu wote. Halafu Mei 2024 wakaanza Marekani kuweka jibu la AI juu kabisa ya matokeo, na kufika mwisho wa mwaka lilikuwa limesambaa nchi zaidi ya mia moja. Mtu anauliza, anajibiwa hapo hapo, haingii kwako. Blogu ya Konda ndiyo aina inayoliwa kwanza, swali fupi jibu fupi. Kwa maoni yangu tatizo si wasomaji wa Kenya wala bei ya matangazo, ni kwamba mlango wenyewe unafungwa na nyinyi mnajadili rangi ya pazia.

#16 Konda_Mstaafu
@kimya_kingi kwangu bado hawajashuka sana na nafikiri najua kwa nini. Ramani iko tangu kitambo, ule mradi wa Digital Matatus wa Chuo Kikuu cha Nairobi na MIT ulitoa ramani ya njia 2014, mwaka uliofuata zikaingia Google Maps. Watu walisema wa kuandika matatu amekwisha. Lakini ramani haijui kwamba leo polisi wamewafukuza kutoka kona fulani wamesogea mtaa wa pili, haijui nauli ya saa kumi na mbili jioni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mimi napiga simu kwa madereva. AI itapiga simu kwa nani?

#17 mkorofi254
Itakupigia wewe

#18 Shangazi_Rongai
Samahani kwa kuingilia, kwa kuwa mwenyewe yuko hapa, zile 125 siku hizi zinajaziwa Railways tu ama kuna zingine zinapanda juu? Na Green Park iliishia wapi, si ilijengwa tushukie pale?

#19 Konda_Mstaafu
Shangazi Railways bado ndiyo salama yako, hasa usiku. Green Park ilikusudiwa matatu za Ngong Road na Lang'ata Road, lakini usiipange safari yako kwayo, teremka Railways.

#20 ras_wa_umoja
Mimi nilishushwa Haile Selassie nikaambiwa "hapa ndiyo mwisho leo". Nauli ya nani nirudishiwe?

#21 Shangazi_Rongai
Asante mwanangu. Ungenitoza hata kumi ningelipa.

#22 Seo_wa_Githurai
Tafadhali turudi kwenye mada

#23 Mwalimu_Juja
Shangazi amesema neno zito mkapita. KUMI NINGELIPA. Mimi nauza PDF, nouti na skimu za kazi za walimu, hamsini hamsini. Mwalimu anafungua posti ya bure ya wiki ya kwanza, akitaka muhula mzima anaweka namba yake ya simu, M-Pesa inamuuliza PIN kwenye skrini, akilipa faili linafunguka. Stripe haifanyi kazi na biashara za Kenya moja kwa moja, kwa hiyo hizi njia za kigeni za kulipisha wasomaji kwa kadi wengi hapa zinatushinda, lakini Paystack ambayo Stripe iliinunua 2020 inapokea M-Pesa, na hata Till ya kawaida ya M-Pesa, namba ya kupokelea malipo, inatosha kuanza.

Hamsini inaonekana mchezo. Lakini wiki moja kabla shule zifunguliwe simu hailali, walimu wote wa nchi wanataka kitu kimoja usiku mmoja. Katikati ya muhula ni ukame, hapo ndipo natunga za muhula ujao. Na jambo moja mjue, ukijenga juu ya mtihani serikali inaweza kuuondoa. KCPE ya mwisho ilikuwa 2023, rafu nzima za darasa la nane zikageuka takataka, wenzangu wengi waliishia hapo. Wale waliohamia gredi ya 7, 8 na 9 mapema ndio wanakula.

#24 wakili_wa_mtaa
Angalia tu mwalimu. Karatasi za KNEC, baraza la mitihani, zina mwenyewe, kuwa zimesambaa haimaanishi ziuzwe na kila mtu. Naona blogu nyingi zikizipanga na bei juu.

#25 Mwalimu_Juja
Nauza ninazotunga mwenyewe, maswali yangu na majibu yangu. Ndiyo maana zinaibwa na kutupwa kwenye magrupu ya WhatsApp 😅 Dawa niliyoipata ni kuandika jina la shule ya aliyenunua chini ya kila ukurasa, mtu anaona haya kusambaza.

#26 BongoMjini
Wakuu salamu toka Dar. Huku kwetu kuna Michuzi, blogu ya picha na habari tangu 2005, kaka alikuwa mpiga picha wa gazeti. Nadhani mnasahau kitu kinaitwa jina. Watu walimwamini mtu, matangazo yakamfuata mtu. Hizo hesabu za mnada zinakuja baadaye. Na nyie wa Nairobi mshukuru, huku kanuni za 2018 zilileta leseni ya blogu, milioni moja ya Kitanzania kwa mwaka kabla hujapata msomaji, wengi walizima taa siku hiyo.

#27 babu_wa_data
Kama ni jina na sisi tunayo. Ushahidi ilianzia kwenye blogu, Januari 2008 Ory Okolloh aliandika kwenye Kenyan Pundit akiuliza nani anaweza kujenga ramani ya vurugu zilizokuwa zikitokea, watu wakajitokeza. Leo inajulikana dunia nzima.

#28 Njeri_Ruaka
Babu Ushahidi ni shirika lisilo la faida, mfano mzuri wa kila kitu isipokuwa alichouliza Konda.

#29 babu_wa_data
Lakini ilianza na blogu

#30 Njeri_Ruaka
Sawa babu 😂

Konda sikia, nikuambie ninavyoiona. Wasomaji wako wa Utawala na Syokimau na Ruaka, wengi wanaenda huko mara ya kwanza. Mtu haulizi matatu ya mtaa anaoishi. Anaenda kuona nyumba, anaenda kuripoti kazini, anaenda matangani. Anayeenda kuona bedsita Jumamosi, wiki mbili baadaye anahitaji pikapu ya kuhamisha kitanda, anahitaji fundi wa intaneti, anahitaji mtungi wa gesi. Hao wote wanaomuuzia wangekulipa wewe moja kwa moja kukaa kwenye ukurasa wa huo mtaa peke yake. Hakuna mnada, hakuna dola 100.

#31 Konda_Mstaafu
Wueh. Sijawahi kuiangalia hivyo. Ukurasa wangu wa Utawala na wa Joska ndio unasomwa kuliko wa Westlands na nilikuwa nashangaa.

#32 kimya_kingi
Ni wazo zuri lakini unayemtegemea ni Google bado. Kusanya namba za watu ama barua pepe, siku trafiki ikikauka uwe na wa kumwandikia. Channel ya WhatsApp ni rahisi ila namba za wafuasi huzioni, siku channel ikifungwa umeachwa mikono mitupu.

#33 wakili_wa_mtaa
Na ukikusanya, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka mtu akubali na ajue unaitumia kwa nini. Usije ukauza orodha kwa mtu wa ploti.

#34 mkorofi254
Watu wa ploti tayari wana namba zetu zote wakili, hiyo meli iliondoka zamani

#35 Njeri_Ruaka
Tahadhari moja, ukianza kulipwa na kampuni na si mtu wa pikapu, jiandae. Kuna ejensi moja ya matangazo ilinipa kazi, LPO safi, yaani oda rasmi ya maandishi, posti zikatoka, "tunalipa siku tisini," siku tisini zikawa msimu wa nyumbu unaofuata. Meneja niliyeanza naye akahama, mpya akaniuliza mimi ni nani. Nililipwa nilipoenda kukaa mapokezi na laptopu yangu nikafanya kazi pale mpaka saa kumi. Siku hizi nusu inaingia kabla sijaandika herufi.

#36 kodi_ni_deni
Hamjaongea KRA, watu wa kodi, na mtajuta. Mapato ya maudhui ya kidijitali yanakatwa 15% na anayekulipa.

#37 mhasibu_kayole
Si 15. Mswada wa fedha wa 2023 ulipendekeza 15%, bunge likashusha, sheria ilipopita ikawa 5% kwa mkazi wa Kenya, kuanzia Julai 2023. Inahusu matangazo, udhamini, kamisheni za linki, michango ya mashabiki, karibu kila kitu. Aliyekukata anakupa cheti, unakitumia kwenye ritani kabla ya 30 Juni, usilipe mara mbili. Na kampuni ya maana itakuomba invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa invoisi wa KRA, maana tangu Januari 2024 gharama isiyo na hiyo KRA haiikubali kwenye hesabu zao. Wengi wanacheleweshewa malipo wakidhani ni roho mbaya kumbe invoisi ni ya Word.

#38 kodi_ni_deni
Sawa nimesahihishwa. Lakini hamsini hamsini za mwalimu nani anakata?

#39 Mwalimu_Juja
Mimi mwenyewe nikifika kwa ritani. Usinitafutie wageni.

#40 Seo_wa_Githurai
Naona uzi umeamua matangazo ni ya wajinga. Mimi nina blogu ya mikopo na akaunti za benki, sina WhatsApp, sina parseli, sikai mapokezi ya mtu, na AdSense inanilipia rent Githurai 44. Mada ndiyo kila kitu. Konda akianzisha blogu ya pili ya kulinganisha bima za PSV, yaani magari ya abiria, hao hao madereva anaowapigia simu ndio wasomaji, na bima wananunua kila mwezi.

#41 Mama_Jiko
Hiyo ya bima za PSV ni nzuri, nakupa.

#42 kimya_kingi
Ni nzuri mpaka kampuni ya bima yenyewe iandike ukurasa huo huo na Google iupende zaidi.

#43 Konda_Mstaafu
Asanteni nyote. Leo nimempigia kijana wa pikapu hapa Embakasi, anahamisha watu Utawala na Ruai karibu kila wikendi, amekubali kujaribu ukurasa wa Utawala. Sasa ameniuliza bei nikaganda. Nimtoze kwa mwezi ama kwa kila mteja anayepata?

#44 Njeri_Ruaka
Kwa mwezi, na alipe mbele. Kwa kila mteja utakuwa unamuuliza "ulipata wangapi" na siku zote jibu litakuwa "wawili tu".

#45 Seo_wa_Githurai
Hapana, kwa mteja. Mwezi wa kwanza asipopata mtu atakuambia blogu yako haina kitu na ataenda kuwaambia wenzake. Weka namba ya simu ya laini yako, ipigwe kwako kwanza, umpasie, hapo wewe ndiye unahesabu.

#46 Mama_Jiko
Ukishapokea simu wewe, nunua pikapu.

#47 mkorofi254
Konda amerudi barabarani jamani